Mwongozo Hausomi Kitabu pa Nafasi ya Mtoto

 

Mwezi huu tunajibu ulizo moja ambalo wazazi wengi wanatuletea, wengine kwa barua, wengine kisha ibada, wakisimama mlangoni mwa kanisa. Wanasema: «Pasta, tunataka kusomesha watoto ku nyumba, siyo hesabu tu, hata vitabu vya hadithi. Lakini sisi wenyewe hatukusoma sana. Mu soko kunauzishwa vitabu vidogo vinavyoeleza vile vitabu vikubwa. Tununue kipi, tuache kipi?»

Ulizo hili si la watu wenye franka nyingi peke yao. Katika jimbo letu la Tanganyika kila jamaa imekwisha kuwa masomo kwa nguvu, ipende isipende. Miaka ya 2016 na 2017, wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, nyumba nyingi za masomo ziliharibiwa na watoto wakakaa kambini pembeni ya Kalemie. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga masomo yote ya inchi, na watoto wakafuata masomo kwa redio, wale waliokuwa na redio. Mwaka 2021, tena 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia mu kartie za chini. Tusisahau migomo ya walimu. Na tangu Septemba 2019, wakati primeri ya serikali ilipofanywa bila malipo, watoto wengi waliingia darasani. Tulimshukuru Mungu kwa jambo hilo. Lakini darasa zilijaa, na mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi hawezi kusikia kila mmoja akisoma kwa sauti.

Hatusemi mzazi amwondoe mtoto ku masomo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inaonyesha kwamba primeri ni ya lazima. Tunasema nyumba isaidie masomo: jioni, siku za mapumziko, na siku zile mlango wa darasa umefungwa. Kwa kazi hiyo mwongozo mzuri ni rafiki mkubwa, na mwongozo mbaya ni mwizi.

FILIPO ALIPANDA GARI, HALAFU ALISHUKA

Mnakumbuka habari ya Matendo ya Mitume sura ya 8. Mkuu mmoja wa Etiopia alikuwa akirudi kwao, ameketi ndani ya gari lake, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo akakimbia, akamkaribia. Tuangalie vizuri namna alivyofanya.

Kwanza, yule mtu alikuwa tayari na kitabu mkononi, anakisoma yeye mwenyewe. Filipo hakuja na karatasi ya kumwambia: Acha kitabu, nitakupa maneno mafupi ya ndani yake. Pili, Filipo alianza kwa kuuliza kama anafahamu anayosoma. Tatu, alieleza akianzia palepale pa andiko lile alilokuwa akilisoma. Na nne, kazi ilipokwisha, Filipo aliondoka, na yule mkuu akaendelea na safari yake kwa furaha, bila Filipo.

Ndugu zangu, huyo ndiye mwongozo. Anamkuta msomaji na kitabu, anauliza, anaeleza, anaondoka. Mwongozo wo wote unaofanya kinyume cha hayo, hata kama umechapwa vizuri na una picha ya rangi, haufai kwa mtoto wako.

AINA TATU ZA VITABU VYA KUELEZA

Ukifika sokoni au dukani, utaona aina tatu. Wauzaji wanaziita zote kwa jina moja, lakini hazifanani.

Aina ya kwanza ni rezime. Mara nyingi ni fotokopi ya kurasa chache: kisa chote kwa ufupi, majina ya watu, na maneno mawili juu ya mwandishi. Siku hizi rezime inapatikana hata ndani ya simu, na simu nyingine inaandika rezime yenyewe kwa dakika moja. Angalieni! Wakati mwingine inavumbua mambo ambayo hayamo kabisa ndani ya kitabu. Rezime inaweza kumsaidia mtu aliyekwisha kusoma, kusudi akumbuke. Kwa yule ambaye hajasoma, ni sawa na kusimuliwa chakula wakati una njaa.

Aina ya pili ni mwongozo wa egzame: maulizo na majibu, yote tayari. Mwanafunzi anakariri jibu namba 1 mpaka namba 40. Katika Kifaransa kuna miongozo ya zamani iliyotengenezwa vizuri, kama ile ya «Profil d'une œuvre» ya nyumba ya Hatier ku Ufaransa, inayoeleza kitabu kwa utaratibu. Hiyo ni ya wanafunzi wakubwa wa sekondari, tena yule asiyesoma kitabu chenyewe anaitumia vibaya.

Aina ya tatu ni mwongozo wa kusindikiza. Unakwenda sura kwa sura. Kabla ya sura unatoa maneno magumu machache na habari ya wakati ule. Kisha sura unauliza maulizo. Mwishoni unampa mtoto kazi: kuandika, kuchora, kusimulia. Hii ndiyo ya kutafuta kwa ajili ya nyumba. Ni haba, lakini inapatikana. Na ikikosekana, tutaona hapa chini namna ya kuitengeneza kwa kaye moja na biki moja.

NAMNA TANO ZA KUPIMA MBELE YA KULIPA

Mama akinunua samaki, anafunua mashavu yake aone kama ni mabichi. Mwongozo vilevile. Usilipe kwa sababu ya ganda lake. Fungua, upime.

1. Pima maulizo. Chagua ulizo moja katikati ya mwongozo. Jiulize: mtoto anaweza kulijibu bila kufungua kitabu chenyewe? Kama ndiyo, jaribu la pili na la tatu. Kama yote yanajibika kwa mwongozo peke yake, urudishe mezani. Huo unataka kusoma pa nafasi ya mtoto.

2. Tafuta maulizo ya namna tatu. Kuna ulizo la macho: nani alifanya nini, wapi, lini? Kuna ulizo la akili: sababu gani alifanya vile? Jibu lake haliko juu ya mstari mmoja, linatafutwa kati ya mistari. Na kuna ulizo la moyo na la nyumba: wewe ungefanya nini, na kwetu inakuwa namna gani? Miongozo mibaya ina ya macho tu. Mingine ina ya moyo tu, na mtoto anajibu kwa kubahatisha. Mzuri unazo zote tatu.

3. Pima kitabu kwa vidole. Kabla ya mwongozo, hakikisha kitabu chenyewe kinalingana na mtoto. Afungue ukurasa mmoja, asome kwa sauti. Kila neno asilolijua, anakunja kidole. Vidole vitano vikiisha mbele ya ukurasa kuisha, kitabu kimemzidi kwa sasa. Hakuna mwongozo utakaomvusha. Mpe chepesi, kile kikubwa kingojee.

4. Angalia kama unataja sura au unataja kurasa tu. Vitabu vinavyopendwa vinachapwa mara nyingi, na hesabu ya kurasa inabadilika. Wewe una kitabu cha zamani cha mjomba, mwongozo unasema ukurasa wa 87, na wewe ku 87 unakuta mambo mengine. Sura hazibadiliki.

5. Angalia kama unasema kweli juu ya wakati wa kitabu. Kitabu kiliandikwa mwaka gani, wapi, inchi ilikuwa chini ya utawala gani? Mwongozo usiosema hayo unamwacha mtoto gizani. Na kama mwaka umekosewa, mengine pia usiyaamini haraka.

MFANO: DHAHABU YA BABA YA LAYE

Tuchukue mfano mmoja, kwa maana sisi ni watu wa madini. Camara Laye wa Guinea aliandika kitabu L'Enfant noir, kilichotoka 1953, wakati inchi yake ilikuwa bado chini ya Ufaransa. Ilipata uhuru 1958. Kina sura 12. Anasimulia utoto wake ku Kouroussa, baba yake mfua vyuma, mama yake, masomo yake, halafu safari ya kwenda Conakry na mwishoni Ufaransa. Kinasomwa sana katika inchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, na kwa mtoto wa sekondari Kifaransa chake si kigumu kupita kiasi.

Katika sura ya pili kuna habari ya dhahabu. Mwanamke mmoja anakuja na punje za dhahabu alizopata kwa kuosha mchanga. Anataka pambo. Hakuja peke yake. Amekuja na msifu, mtu wa kupiga ala na kutaja sifa za wazee, kusudi fundi akubali kuacha kazi nyingine na kuanza yake. Baba anaweka dhahabu ndani ya chungu kidogo, makaa yanawaka, wote wananyamaza. Midomo ya baba inatikisika, lakini sauti haisikiki. Dhahabu inayeyuka. Mwisho pambo linatoka, msifu anaimba kwa nguvu, na baba anacheza. Lakini mama hapendi kazi ile ya dhahabu, maana anaogopa itaharibu afya ya mume wake.

Rezime ya fotokopi itasema nini juu ya hayo? Itasema: baba ya Laye alikuwa mfua vyuma na dhahabu. Basi. Mtoto atakariri maneno hayo, na dhahabu yote imebaki ndani ya mchanga.

Mwongozo mzuri utauliza hivi. Ulizo la macho: nani alileta dhahabu, na aliipata namna gani? Ulizo la akili: sababu gani watu wote wananyamaza wakati dhahabu inayeyuka, na sababu gani mama hafurahi, ijapo kazi ile inaleta heshima na malipo? Ulizo la moyo na la nyumba: kwetu, dhahabu inapofika sokoni, nani anasifiwa, yule aliyechimba, mama aliyeosha, ao yule aliyenunua? Nani nyumbani anafikiri juu ya mapafu ya krezeri?

Sasa mmeona? Mtoto wa Nyunzu ambaye baba yake yuko ndani ya shimo anaweza kujibu ulizo la mwisho vizuri kuliko mwalimu wa Paris. Kitabu cha Guinea kinakuwa chake, na wala hakuhitaji kuambiwa jibu.

JE, MAMBO YA NYOKA?

Wazazi wengine wanatuambia: «Pasta, katika kitabu kile sura ya kwanza kuna nyoka mweusi, na baba anasema ni roho ya ukoo wao. Mtoto wa kanisa asome mambo hayo?» Ni kweli, nyoka yumo. Na miongozo mingine inamruka kabisa, mingine inamsifu bila kuuliza.

Sisi tunasema: asome, na wewe uwe karibu. Danieli na rafiki zake walifundishwa maandiko ya Wakaldayo ku Babeli, na hawakumwacha Mungu wao. Paulo ku Atene alijua hata maneno ya washairi wa Wagiriki, akayatumia. Mtoto anayesoma juu ya imani ya wengine akiwa na mzazi pembeni anajifunza kupima. Yule anayefichwa atasoma siku moja bila wewe. Mwongozo unaofaa ni ule unaouliza: baba anaamini nini juu ya nyoka yule? Mtoto Laye anaona nini? Sisi tunaamini nini, na kwa sababu gani? Usichague mwongozo unaoficha sura, wala unaohubiri mahali pa kueleza. Mahubiri tunayo Jumapili.

Tena mwongozo wa kweli hauogopi mabishano. Katika miaka ya 1950 mwandishi Mongo Beti wa Kamerun alimlaumu Camara Laye kwamba alipaka Afrika rangi nzuri tu, bila kuonyesha uzito wa utawala wa wageni. Wengine walimtetea Laye, kwamba kila mtu ana haki ya kuandika utoto wake. Mtoto wa miaka kumi na sita akipewa pande zote mbili, atakuwa na la kusema mezani. Akipewa upande mmoja, atakuwa na la kukariri.

VITABU VINGINE VYA KUFIKIRIA

Kwa jamaa za shemini ya fere, wale ambao babu zao walifanya kazi ku reli ya Kalemie na Kabalo, tunapendekeza Les Bouts de bois de Dieu cha Sembène Ousmane, 1960. Kinasimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger, ulioanza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948, na namna wanawake walivyotembea kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar. Ni kikubwa, kina watu wengi sana. Hapa mwongozo unaotoa orodha ya watu na ramani ni wa lazima. Ulizo la nyumba: je, babu na bibi wanakumbuka nini juu ya migomo ya kwetu? Mzazi anaweza kuongeza habari ya Disemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière waligoma ku Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na watu wakapigwa risasi. Mwongozo wa Ulaya hautakuuliza hilo. Wewe uliza.

Kwa wale wanaoanza kusoma Kifaransa, kuna vitabu vya ndugu yetu wa Kongo, Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa 1933 akafariki 2000. Aliandika kwa lugha nyepesi juu ya maisha ya kijiji na ya Kinshasa, na watu wengi wa inchi hii walimsoma. Kitabu chake Bandoki kinazungumza juu ya wachawi. Katika siku hizi ambapo watoto wanashitakiwa uchawi na kufukuzwa nyumbani, ni kitabu cha kusoma pamoja na wazazi.

USIDHARAU KISWAHILI

Wazazi wengine wanafikiri kusoma ni Kifaransa tu. Hapana. Mtoto wa kwetu anaanza primeri kwa Kiswahili, na akijifunza kuuliza maulizo mazuri kwa lugha anayoisikia vizuri, atayauliza hata kwa Kifaransa. Tena vitabu vya Kiswahili haviko mbali. Kigoma iko ng'ambo ya ziwa, na mitumbwi mikubwa inakwenda na kurudi.

Ku Tanzania kitabu Takadini cha Ben Hanson kilisomwa miaka mingi sekondarini. Mama mmoja, jina lake Sekai, baada ya kungoja mtoto muda mrefu, anazaa mtoto mwenye ualbino. Desturi ya kijiji inataka mtoto yule auawe. Mama anamfunga mgongoni na kukimbia usiku, mpaka anafika kijiji kingine, ambapo mzee Chivero anawapokea, na baadaye anamfundisha mtoto kupiga mbira. Ni kitabu cha kusoma kwa sauti nyumbani, hata bibi asikilize.

Miongozo ya Tanzania ni mingi na bei yake si kubwa. Walakini mjue imetengenezwa kwa egzame ya kule. Inagawanya kila kitu kwa fani na maudhui: dhamira, wahusika, muundo, mtindo, mandhari. Majina hayo ni mazuri kuyajua. Lakini mara nyingi dhamira zimeorodheshwa tayari, na mtoto anazimeza kama kidonge. Egzame ya Eta ya kwetu haiulizi hivyo. Basi fanyeni hivi: chukueni karatasi, funikeni majibu. Mtoto asome sura, ajibu kwa maneno yake, aandike ndani ya kaye. Halafu ondoeni karatasi, mlinganishe. Pale mwongozo na mtoto hawapatani, kitabu chenyewe ndicho mwamuzi. Wakati mwingine mtoto ndiye mwenye haki, na siku hiyo atakua sentimeta mbili!

MAMA ASIYESOMA AFANYE NINI?

Tunafika kwa neno ambalo lilitusukuma kuandika. Mama mmoja alisema: «Mimi sikusoma. Nitachaguaje? Nitafundisha nini?» Tunamjibu yeye na wenzake wote.

Mama, wewe ni mwongozo kuliko ile ya dukani, ukishika maneno matatu. Mtoto akimaliza sura, mwambie akusimulie kwa Kiswahili chenu cha nyumbani. Akisimama, sema: «Halafu?» Akiendelea, sema: «Sababu gani?» Na akijibu, sema: «Nionyeshe pale kitabu kinasema hivyo.» Hapo atatia kidole juu ya mstari na kukusomea. Hata kama hujui herufi moja, utaona kama kidole kinakwenda moja kwa moja ao kinatafuta-tafuta. Mtoto aliyesoma rezime peke yake hawezi kuonyesha.

Na baba aliye ku karieri wiki tatu, mwezi? Siku anapopata rezo, asiulize chakula na deni tu. Amwambie mtoto: «Nisimulie sura uliyosoma.» Dakika tano zinatosha. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inatufundisha kuzungumza na watoto tukiketi nyumbani na tukitembea njiani. Simu nayo ni njia.

Jamaa zisizo na franka za kununua mwongozo kila mmoja ziungane tatu tatu: kitabu kimoja, mwongozo mmoja, unazunguka. Na kama mwongozo haupatikani, kaka mkubwa ao mwalimu wa Shule ya Jumapili aandike ndani ya kaye, kwa kila sura, maneno magumu matano na maulizo matatu: moja la macho, moja la akili, moja la nyumba. Kitabu cha sura 12 kitakupa maulizo 36. Kaye hiyo itabaki kwa wadogo watakaofuata.

NENO KWA NINYI VIJANA

Vijana, ninajua mnayosema: «Pasta, rezime inatosha kwa egzame.» Haitoshi. Kabla ya sesio yenyewe ya Egzame ya Eta mnaandika disertasio, na mnaulizwa Kifaransa kwa kinywa. Aliyekariri rezime anamaliza maneno yake kwa mistari sita, halafu anatazama dari.

Lakini egzame si neno la mwisho. Kijana anayeishi juu ya madini atakutana na karatasi siku zote: karatasi ya mnunuzi, karatasi ya koperative, mapatano ya kazi, karatasi ya shamba. Kode ya Madini ya 2002, ilivyobadilishwa Machi 2018, inaitaka kampuni yenye haki ya kuchimba ifanye mapatano ya maandishi na wakaaji wa pale, ile wanaita kaye de sharje, inayotaja kazi ambazo kampuni itafanya kwa faida yao: maji, barabara, masomo, hospitali. Nani atasoma karatasi hiyo kwa ajili ya kijiji? Mtu mmoja akisimama mbele ya mkutano na kusema, «Nimewasomea, kwa ufupi ni mambo mazuri, tieni sahihi», hiyo ni nini kama si rezime?

Yule aliyezoea tangu utoto kuuliza «Nionyeshe pale inasema hivyo» atainua mkono. Yule aliyezoea kusomewa atatia sahihi. Kutoka kwa kitabu cha hadithi mpaka karatasi ya kampuni si mbali: macho ni yaleyale, na ulizo ni lilelile.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila jamaa ichague kitabu kimoja tu, cha Kiswahili ao cha Kifaransa, na kukipima kwa vidole vitano. Pimeni mwongozo kwa zile namna tano mbele ya kulipa. Someni sura moja kwa juma, siku ileile, kabla ya sala ya jioni. Lampi ya solari ikizimika, simulieni gizani. Na mwongozo ukae umefungwa mpaka sura iishe: kwanza kitabu, halafu mwongozo.

Kisha miezi michache mtaona mtoto anaanza kuuliza maulizo ambayo hayamo ndani ya mwongozo. Siku hiyo ufungeni, mpeni jamaa nyingine. Filipo ameshuka garini. Mtoto anaendelea na safari yake kwa furaha.

Bwana abariki nyumba zenu, na macho ya watoto wenu yanaposoma.